Chupa ya Seramu

Jumatano, usiku

Leo nimeharibu kazi ya siku mbili kwa kubadilisha chupa tu.

Seli ninazofuga zinaitwa N1E-115, asili yake uvimbe wa saratani ya neva wa panya. Ukizinyima seramu, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, zinaacha kugawanyika, zinatulia, halafu zinaanza kutoa mikono myembamba kama seli changa za neva. Ndiyo, njaa ndiyo inayozichipusha. Asubuhi zilikuwa zimetanda, raha kuzitazama. Nikazibadilishia maji ya kuzilisha, nikarudi kwenye hadubini, nakuta mikono inarudi ndani. Dakika chache baadaye kila seli ilikuwa duara kama punje ya choroko. Chupa niliyoshika ilikuwa na seramu.

"Umeamsha Rho," mwenzangu akasema, akaenda zake kunywa chai.

Kweli tupu. Rho ni protini inayofanya kazi kama swichi. Seramu ina mafuta yaitwayo LPA. Yakigusa kipokezi juu ya seli, Rho iliyo ndani inaachia molekuli iitwayo GDP na kushika nyingine, GTP, hapo imewaka. Inaamsha kimeng'enya ROCK, nacho kinaifanya mayosini, protini inayovuta, ivute nyuzi za aktini, kiunzi cha seli. Seli inajikunyata. Ndugu zake Rho wana kazi nyingine: Cdc42 inachomoza vidole kwenye ncha ya mkono, Rac inatandaza utando kati ya vidole, na ncha inatambaa. Cajal, mtafiti wa neva kutoka Hispania, aliiona ncha hiyo mwaka 1890 kwenye kiinitete cha kuku, tena kwenye vipande vilivyokufa na kutiwa rangi, akakisia kwamba inatembea. Mtafiti mwingine, Harrison, akaja kuiona ikitembea kweli mwaka 1907, kwenye tishu ya chura ndani ya tone la limfu.

Ninachokiwaza usiku huu ni hiki: miaka yote nilidhani kukua ni kuongezewa kitu. Kumbe watafiti Bradke na Dotti walionyesha mwaka 1999 kwamba, kati ya vimkono kadhaa vinavyofanana vya neva changa ya hipokampasi, sehemu ya ubongo, kinachokuwa aksoni, yaani mkono mrefu unaopeleka ishara, ni kile ambacho aktini ya nchani mwake imelegea. Wao waliilegeza kwa dawa kwenye kimkono kimoja, na hichohicho kikawa aksoni. Mikrotubuli, mirija midogo ya protini ndani ya mkono, zilikuwa nyuma zikingoja njia tu.

Sasa nilikuwa nataka kuichukia Rho, maana imenilia siku mbili. Lakini kusinyaa nako kuna kazi: semaforini 3A, protini inayofukuza aksoni, ikigusa upande mmoja wa ncha, upande huo ndio unaosinyaa, na aksoni inapinda kwenda upande wa pili. Bila kusinyaa huko ingekwenda moja kwa moja hadi wapi?

Kesho nafuga upya. Zikishatanda nitazitia Y-27632, dawa inayozuia ROCK, kisha seramu, safari hii kwa makusudi, nione kama mikono itabaki.

Chupa ya seramu nimeshaizungushia utepe mwekundu.