Nyonyesha utapungua, wanasema

Jamani hii "nyonyesha tu utapungua" nani aliianzisha? Maana mi nimenyonyesha usiku na mchana, maziwa matupu bila hata tone la maji mpaka mtoto akatimiza miezi 6 kama wanavyosisitiza kliniki, na kilo zimekaa palepale, kuna kipindi zikapanda kabisa. Wifi yangu tuliyepishana naye kidogo tu kujifungua, yeye kakonda mpaka watu wanamuuliza kama anaumwa.

Hesabu yenyewe sio uongo. Ukishajifungua unapungua kilo kama 5 au 6 hapohapo, mtoto, kondo la nyuma, maji ya uzazi, halafu siku zinazofuata unatoka jasho usiku mpaka shuka linalowa, unakojoa kila saa, na ile miguu iliyovimba inarudi. Baada ya hapo kutengeneza maziwa kunakula kama kalori 500 kwa siku. Ukisikia hivyo unaona mambo si ndo haya, nimekaa kitandani nachoma mafuta. Sasa shida ni njaa. Njaa ya kunyonyesha nyie, inakuamsha saa nane usiku unaenda jikoni unakula wali wa jana umesimama kwenye giza. Na hizo kalori 500 ni chapati mbili za mafuta na chai ya maziwa, imeisha hiyo.

Tena mzazi kwetu analishwa kwelikweli. Mama alishuka na basi kutoka Moshi na ndizi zake, mtori asubuhi mtori jioni, huku mama mkwe ni wa pwani naye hataki kushindwa, uji wa pilipili manga sukari imekolea, mchana supu ya kongoro. Na siwalaumu, ile arobaini umetokwa na damu, una kidonda, hulali, unahitaji kula. Ila ukifikiria, chakula kile kilikuwa cha mwanamke ambaye arobaini ikiisha anarudi shamba na ndoo kichwani. Mi arobaini imeisha nimerudi kwenye kochi na simu, na uji ukaendelea vilevile mpaka mwezi wa tano huko.

Kilichonisaidia ni kupunguza sukari tu wala sio dayati. Uji nakunywa bado ila sukari kijiko kimoja, soda na juisi za boksi nikaacha, maji ndo yakawa kinywaji. Mama mkwe akasema mwanangu maziwa yatakauka, nikamwambia mama ngoja tuone, na hayajakauka, maana maziwa yanaletwa na mtoto kunyonya mara kwa mara na titi kumalizwa vizuri, sukari haihusiki. Chakula chenyewe sijapunguza, dona na dagaa, maharage, mayai, mchicha, parachichi likiwepo. Ukishiba vitu kama hivyo ile njaa ya saa nane inakuja imepoa. Uzito unapungua taratibu, nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri kabisa kwa anayenyonyesha, ukijinyima sana unaishia kizunguzungu na hasira kwa mume wa watu.

Halafu zile chai za kukata tumbo wanazouza mtandaoni, wadada achaneni nazo. Nyingi ni sanamaki, unaharisha, mzani unashuka kwa sababu umetoa maji na choo, mafuta yapo palepale, na zingine hata hawaandiki ndani kuna nini wakati wewe una mtoto titini.

Na tumbo ni kesi nyingine. Unaweza kupungua kote likabaki limetuna kama mimba ya miezi minne, hapo mara nyingi misuli imeachana katikati. Lala chali, kunja magoti, nyanyua kichwa kidogo, pitisha vidole juu ya kitovu, vikizama zaidi ya viwili usianze sitapu, zinaweza kuzidisha, tafuta mtu wa mazoezi ya viungo akuelekeze. Mkanda unashikilia mgongo unaona raha lakini ukivua tumbo linarudi lilipokuwa.

Likizo ya uzazi hapa Tanzania ni siku 84 zinaisha kama mchezo, ila sheria inakupa mpaka masaa mawili kwa siku ya kwenda kunyonyesha ukisharudi kazini, yaulizeni. Mi nilikuwa natoka mapema, nashuka kituo kimoja nyuma natembea, na hayo ndo mazoezi yangu yote.

Ila kama unakula vizuri na bado unayeyuka kama wifi yangu, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, joto haliishi, usikubali kuambiwa ni uchovu wa kulea tu. Mwombe daktari akupime tezi ya shingo, huwa inavurugika kwa baadhi ya wanawake ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kujifungua. Wifi kaenda wiki hii, tunasubiri majibu.