Gati la Kigamboni, meza ya Moshi

Mto Karanga hauna kivuko wala hautakuwa nacho, kwa hiyo simlaumu shangazi anaponicheka akinikuta hapa Moshi nachora gati la kivuko cha Kigamboni, Dar es Salaam. “Mwanangu, na bahari yenyewe iko wapi?” Iko mezani, shangazi, chini ya makaratasi.

Ni zoezi la kozi tu, hakuna atakayelijenga, lakini limeninyima usingizi. Nilianzia majini kama kila mtu. Pale Dar, wakati wa bamvu, yaani maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Njia ya kushukia iliyokuwa tambarare asubuhi, mchana ni mlima kwa mtu wa mkokoteni. Dawa yake inajulikana: jukwaa linaloelea, na daraja la bawaba linalopanda na kushuka nalo. Hapo sikukaa sana.

Kinachonisumbua ni nchi kavu. MV Magogoni, kimoja cha vivuko vya pale, iliundwa kubeba abiria 2,000. Daladala hushusha watu kidogo kidogo. Kivuko huwamwaga wote kwa mkupuo. Mlango wenye upana wa mita 1 hupitisha watu kama 80 kwa dakika, tena wakitembea bila mzigo, na nani pale hana ndoo ya samaki? Piga hesabu: dakika 25 kushusha watu, ilhali maji yenyewe unayavuka kwa dakika chache. Basi milango iwe mingi na mipana, na wanaoshuka wasigongane na wanaopanda.

Halafu waende wapi? Upande wa mjini kuna soko la samaki la Feri, na mwendokasi wa Kimara unaishia Kivukoni tangu 2016. Kipande hicho kati ya gati na basi ndicho kinachomchosha abiria: jua, mvua, bodaboda.

Wenzangu wamechora paa lenye umbo la tanga. Linapendeza, sikatai. Mimi hela ya tanga ningeezekea njia nzima kwa bati, kutoka gatini hadi kwenye basi, na kando yake niwaachie wamachinga nafasi. Watakuja tu, uwe umewapangia au hukuwapangia.

Yamebaki magari. Daraja la Nyerere, linalovusha magari hadi Kigamboni, lipo Kurasini tangu 2016, na nashawishika kuyaondoa kabisa hapa, kivuko kiwe cha watembea kwa miguu, baiskeli na mikokoteni. Mwalimu hatakubali. Tutabishana Ijumaa.