Paul Brakefield na madoa ya kipepeo wetu

Wanabiolojia wa mageuko huuliza nani anabaki hai na kuzaa. Wa ukuaji huuliza yai linageukaje kuwa mwili. Makundi haya yalifanya kazi bila kushirikiana kwa muda mrefu, na kwa maoni yangu kikwazo kikubwa kilikuwa mnyama mwenyewe: anayefugika maabara maisha yake ya porini hayakujulikana vizuri, na wa porini hafugiki.

Paul Brakefield, Mwingereza aliyekuwa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, alimpata anayefaa kote kuwili. Ni Bicyclus anynana, kipepeo mdogo wa kahawia anayeishi tangu Ethiopia hadi kusini mwa Afrika. Ukoo wa maabara ulianzishwa mwaka 1988 kwa majike 80 hivi kutoka Malawi. Viwavi hula miche ya mahindi, vipepeo hupewa ndizi mbivu. Wazazi wasiwe wachache: mwaka 1996 Brakefield na wenzake walionyesha kwamba ndugu wakizaliana, mayai mengi hayaanguliwi.

Ukingoni mwa mabawa pana madoa mfano wa jicho. Viwavi wakikua kwenye nyuzijoto 27, madoa huwa makubwa, kama ya masika. Adui hudonoa ukingo na kiwiliwili kikasalimika. Wakikua kwenye 17, madoa karibu hayaonekani, kama ya kiangazi, kipepeo anapojificha kwenye majani makavu. Kinachoamua ni homoni ya ekdisoni mwishoni mwa hatua ya kiwavi. Kwa hiyo rafu ya maabara inayopoa usiku hukupa madoa madogo yasiyotokana na jeni, na ukichagua wazazi hapo umechagua baridi tu. Weka daima, kwenye rafu hiyohiyo, ukoo ambao wazazi wake hawakuchaguliwa, wa kulinganishia.

Doa hujengwa kutoka katikati. Ukichoma seli za kati kwa sindano ya moto saa chache baada ya bundo (hatua kati ya kiwavi na kipepeo) kuundwa, doa husinyaa. Ukizihamishia sehemu nyingine ya ubawa, doa jipya huota huko. Mtego upo kwenye saa: jeraha tupu, saa 12 hadi 18 baada ya bundo kuundwa, laweza kuzaa doa lenyewe. Asiyejeruhi mabundo mengine bila kupandikiza chochote atadhani pandikizi lake limefanya kazi. Mwaka 1996, Brakefield na wenzake, pamoja na maabara ya Sean Carroll huko Marekani, walionyesha kwamba katikati ya doa jeni Distal-less, ijulikanayo kwa kujenga miguu, imewashwa.

Kazi ninayoithamini zaidi ni ya uteuzi, yaani kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2002, Patrícia Beldade, Koops na Brakefield walichapisha jaribio la vizazi 25: doa la mbele na la nyuma la ubawa mmoja yalivutwa pande tofauti, moja likue, jingine lipungue. Yalitii, ingawa yanatumia njia moja ya ujenzi. Lakini mwaka 2008 timu ya Cerisse Allen ilijaribu vivyo hivyo kwa rangi, doa moja lizidi weusi na jingine lizidi dhahabu, na yaligoma. Ukubwa hutegemea nguvu ya ishara inayotoka kwenye seli za kati za kila doa, hivyo kila doa laweza kwenda zake. Rangi hutegemea jinsi seli za ubawa mzima zinavyoipokea ishara hiyo, na usikivu huo ukibadilika, hubadilika kwa madoa yote.