Akidi Haipatikani Kiangazi

Mkutano ule ulifanyika mwezi wa Februari, katika ukumbi wa kijiji kimoja cha Kaunti ya Isiolo, na kwa vipimo vya ripoti ulikuwa umefanikiwa: orodha ya waliohudhuria ilijaa sahihi, picha zilipigwa, na kila aliyesimama kusema aliunga mkono. Tulikuwa tukikusanya maoni kuhusu pendekezo la kutenga sehemu ya malisho kando ya mto Ewaso Ng'iro iwe akiba ya kiangazi, ambayo mifugo isingeingia mpaka wazee waifungue. Wiki tatu baadaye akiba ile ilikuwa imejaa ng'ombe. Vijana waliokuwa wakiwachunga hawakuwa wakaidi wala wavunja sheria, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kuna sheria. Siku ya mkutano walikuwa fora, yaani kwenye makambi ya mifugo ya mbali, mwendo wa siku mbili kutoka kijijini, pamoja na karibu kila mtu ambaye uamuzi ule ulimhusu moja kwa moja. Tarehe ya mkutano niliichagua mimi.

Kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu imekuwa kusimamia kampeni za uhifadhi na kufuatilia sera za mazingira katika kaunti za kaskazini mwa Kenya, na kama ningeulizwa ni jambo gani moja linaloharibu kazi hiyo kuliko mengine yote, nisingetaja ujangili, wala uhaba wa fedha, wala hata siasa. Ningetaja tarehe. Tunawauliza watu maoni yao wakati hawapo, kisha tunashangaa sera zinapokosa wa kuzitetea.

Tazama kalenda ya serikali yenyewe. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka mpango wa maendeleo wa kila mwaka uwasilishwe katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na taarifa ya mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari. Hizo ndizo nyaraka zinazoamua kama kutakuwa na fedha za kuchimbua mabwawa ya mifugo yaliyojaa mchanga, za kung'oa mathenge, mti vamizi unaomeza malisho, au za kuwalipa walinzi wa wanyamapori. Ili tarehe hizo zifikiwe, mikutano ya kukusanya maoni ya umma huangukia Agosti na mapema Februari. Kaskazini mvua huja mara mbili, ya masika kati ya Machi na Mei na ya vuli kati ya Oktoba na Desemba, kwa hiyo mikutano yote miwili huangukia katikati ya kiangazi, wakati ambapo mifugo imehamishwa mbali na wenye mifugo wako nayo. Sidhani kwamba kuna mtu aliyeipanga kalenda hiyo kwa nia ya kuwatenga wafugaji, lakini inawatenga kana kwamba iliandikwa kwa kusudi hilo.

Jambo hili lina uzito mkubwa zaidi katika Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sheria muhimu kuliko zote za mazingira katika eneo hili, ingawa neno mazingira halimo katika jina lake. Inasema kwamba mkataba wowote wa uwekezaji katika ardhi ya jamii hauwezi kukamilishwa mpaka uidhinishwe na theluthi mbili ya watu wazima, katika mkutano ulioitishwa mahususi kwa jambo hilo, ambao akidi yake, yaani idadi ya chini ya watu wanaotakiwa kuwapo, pia ni theluthi mbili. Nimewahi kuisoma ibara hiyo kwa sauti mbele ya kundi la wanawake, katika lugha yao, wakaniomba niirudie, kwa sababu hawakuwa wamewahi kusikia sheria ya Nairobi ikiwahesabu kwa namna hiyo. Theluthi mbili ya watu wazima ni wanawake pia, ni vijana walioko fora pia. Hakuna chifu wala mwakilishi wadi anayeweza kutia sahihi kwa niaba yao.

Hata hivyo, ulinzi huo una masharti yake. Jamii ambayo haijasajiliwa haina mkutano mkuu wala orodha ya wanachama, na ardhi yake inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa amana mpaka usajili ukamilike. Usajili nao unahitaji watu wakutane, wakubaliane mipaka, wachague kamati na kupitisha kanuni. Kwa hiyo mtu anayeitisha mkutano wa usajili mwezi wa Februari anapoteza fedha, na zaidi ya fedha anapoteza imani, maana watu wachache watakaofika wataonekana na wenzao kama waliouza.

Kesi ya mitambo ya upepo karibu na Ziwa Turkana imetufundisha mengi kuhusu hili. Pale Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit, imesimikwa mitambo 365 yenye uwezo wa kuzalisha megawati 310, na ilizinduliwa rasmi mwaka 2019. Ni umeme safi ambao nchi inauhitaji, na mimi si mpinzani wa umeme wa upepo. Lakini mwezi wa Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Meru iliamua kwamba hatimiliki za ardhi ile, yenye ukubwa wa takriban ekari 150,000, zilitolewa bila utaratibu wa kisheria kufuatwa, ikatoa mwaka mmoja wa kurekebisha makosa hayo. Januari 2025, mahakama kama hiyo ikiwa Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii katika kaunti hiyo zilianzishwa kinyume cha sheria, na mojawapo ya sababu ni kukosekana kwa ushirikishwaji wa umma. Mradi mmoja ni wa nishati safi na mwingine ni wa kulinda wanyamapori, yaani mambo ambayo watu wa sekta yangu huyaona mema kwa asili yake. Wema wa lengo haukuwa hoja mbele ya hakimu, na sioni kwa nini ungekuwa.

Hapo ndipo lilipo tatizo la neno lenyewe, hifadhi. Katika makaratasi yetu lina maana ya kutunza, lakini katika masikio ya wafugaji wengi lina maana ya ua, bunduki, na mahali ambapo babu alilisha ng'ombe wake na mjukuu anakamatwa. Nimeacha kuanza mikutano kwa neno hilo. Naanza na nyasi na maji, kwa sababu hayo yana wenyewe tayari na yana sheria zake tayari. Waborana wa Isiolo wana dedha, eneo la malisho lenye baraza la wazee wanaoamua ni lini malisho ya masika yafungwe na ya kiangazi yafunguliwe. Visima vina aba herega, anayepanga zamu za kunywesha. Waturkana wana ekwar, misitu ya kingo za mito ambamo familia fulani ina haki ya kukusanya maganda ya migunga kwa ajili ya mbuzi wake. Hizi ni sera za mazingira zilizo kamili, zenye mipaka, adhabu na rufaa, na zilikuwapo kabla ya kuwapo wizara.

Mwaka uliofuata baada ya mkutano wangu ulioharibika nilikwenda kukaa karibu na kisima kimoja cha kiangazi. Nilimweleza mzee mmoja wa dedha, aliyekuwa akisubiri zamu ya ngamia wake, kwamba nilitaka anisaidie kuitisha watu.

"Binti yangu," akaniambia, "hawa unaowaona hapa unawaita nini?"

Alikuwa sahihi. Ng'ombe hunywa kila siku ya tatu, ngamia baada ya siku nyingi zaidi, na katika siku kumi hakuna familia ya dedha ile ambayo haikupita mbele yangu. Nilikaa siku hizo zote. Nilizungumza na wanawake alfajiri, kabla jua halijawa kali, na vijana usiku. Maswali yao hayakufanana na yale ya ukumbini. Walitaka kujua akiba itafunguliwa na nani kama mvua ikikosekana mara mbili, na wageni kutoka kaunti jirani wataambiwa nini, na faini italipwa kwa mbuzi au kwa fedha, na nani ataipokea. Hakuna hata mmoja aliyesema anaunga mkono. Akiba iliyotokana na mazungumzo yale ilikuwa ndogo kuliko tuliyoipendekeza, na iliheshimiwa.

Katika ukame ulioanza mwaka 2020, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo. Ripoti ya serikali ya Novemba 2022 ilihesabu ndovu 205, punda milia wa kawaida 381 na punda milia wa Grevy 49 waliokufa katika muda wa miezi tisa. Hao 49 ni wengi mno. Sensa ya picha ya Januari 2016, ambayo raia wa kawaida walishiriki wakiwa na kamera zao, ilikadiria kwamba Kenya ilikuwa na punda milia wa Grevy wapatao 2,350 tu, na hakuna nchi nyingine yenye wengi kama hao. Wengi wao wanaishi nje ya mbuga, kwenye malisho yale yale ya ng'ombe na ngamia, wakinywa kwenye mashimo yale yale ya mchangani. Kwa hiyo kampeni ya kumwokoa mnyama huyu ambayo haianzii kwa anayechimba shimo la maji haijaanza.

Kuna mambo, nakiri, ambayo akidi haiyafikii. Ziwa Turkana hupata takriban asilimia 90 ya maji yake kutoka mto Omo, ulioko Ethiopia, na tangu mwaka 2018 mbuga zake ziko katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, hasa kwa sababu ya mabwawa na kilimo cha umwagiliaji upande wa juu wa mto huo. Hilo ni la mabalozi na marais.

Lakini yaliyo ndani ya uwezo wetu ni mengi. Anayetaka kupinga leseni ya mazingira mbele ya Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira ana siku 60, na siku hizo hazimngojei aliye fora. Ndiyo maana sasa kila ilani inayohusu kaunti tunazofanyia kazi tunaifupisha, tunaitafsiri, na kuisomesha katika redio za lugha za wenyeji, kisha tunaituma visimani. Na tumegawa mwaka wetu upya: kiangazi ni wakati wa kusikiliza, visimani na kwenye makambi, bila kupitisha lolote; mvua ikinyesha na mifugo ikirudi karibu na vijiji, maziwa yakiwapo na watu wakiwa na nafasi, ndipo mkutano wa kuamua unapoitishwa. Wafadhili wawili wamekubali ripoti zetu zisifuate robo za mwaka. Bunge la kaunti moja tumeliomba lianze kukusanya maoni ya bajeti mwezi wa Novemba badala ya Februari, jambo ambalo sheria haikatazi, kwa kuwa tarehe 28 Februari ni mwisho na si mwanzo.

Jibu bado halijaja. Mkutano wa usajili wa jamii ninayoshughulika nayo sasa hauna tarehe katika barua ya mwaliko. Umeandikwa kuwa utafanyika wiki ya tatu baada ya mvua kuanza, na aba herega ndiye atakayetutumia habari.