Yule dada wa uhasibu
Nilivyorudi kazini baada ya zile siku 84 za likizo ya uzazi nilikuwa najibana tu mpaka maziwa yanalowesha blauzi, naogopa bosi ataona sijitumi, ndo dada mmoja wa uhasibu akaniita pembeni akaniambia mdogo wangu, sheria ya kazi hapa Bongo inakupa hadi masaa mawili kwa siku ukanyonyeshe, kaombe kwa maandishi. Tukaandika wote ile barua, akawa ananishikia ripoti zangu mchana, na kwenye kikao cha kupandisha vyeo akazitaja kazi zangu moja moja mbele ya mabosi. Mimi wala sikuwepo! Jamani hicho sitakisahau. Wiki iliyopita kuna binti karudi kutoka uzazi, nshampa kopi ya barua.