Siku Moja Maishani Mwangu: Kufundisha Kumchora Mtu Aliye Mbele Yako

Saa 1:30 asubuhi. Napanga viti mita 2 hadi 3 kutoka anapokaa modeli, yaani mtu anayechorwa. Akisogea karibu zaidi ya hapo, mwanafunzi hauoni mwili wote kwa mara moja. Anachora kipande kipande na vipimo vinamponyoka. Naacha mwanga wa dirisha moja tu ili vivuli vielekee upande mmoja. Vifutio nafungia kabatini.

Saa 2:00. Darasa la watoto wa miaka 12 na 13. Modeli ni mwenzao aliyejitolea, akiwa na nguo za michezo. Tusilazimishe mtu: umri huu kutazamwa ni mtihani. Tunaanza na pozi 10 za sekunde 30 kila moja. Kipande cha mkaa kinalazwa ubavu, mkono unatembea kuanzia begani. Macho na vidole vya mtu havichorwi. Anayeanza na uso huukuza, kisha karatasi humwishia magotini.

Saa 3:00. Uzito. Modeli anasimamia mguu mmoja. Nyonga ya upande huo hupanda, bega la upande huohuo hushuka. Wengi huchora nyonga iliyonyooka, na mtu wao anaonekana anaanguka. Basi wote wasimame, washike nyonga zao, wahamishe uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Wakishaihisi, tunaleta timazi: uzi wenye kijiwe. Ukishushwa kutoka kishimo cha koo, hufika karibu na kifundo cha mguu unaobeba mwili.

Saa 4:30. Kupima kwa penseli: jicho moja limefumbwa, mkono umenyooka. Kiwiko kikikunjwa kidogo tu, kipimo kinabadilika. Urefu wa mtu mzima ni takriban vichwa vyake 7 na nusu. Watoto hawa huwa pungufu, kwa hiyo wahesabu waliyemwona, wasikariri. Kiganja pamoja na vidole pia hupimwa, maana karibu kila mmoja hukichora kidogo: kinafika kutoka kidevuni hadi karibu na mwanzo wa nywele.

Saa 6:00 mchana. Pozi la kukaa, dakika 20, na mapumziko katikati. Miguu ya modeli na ya kiti inazungushiwa chaki sakafuni ili arudi palepale. Hapa ndipo kazi ngumu ilipo. Paja linaloelekea kwa mchoraji huonekana fupi, wakati mwingine fupi kuliko kichwa, lakini mtoto anajua paja ni refu, basi hulirefusha na modeli anateleza kutoka kitini. Kumwambia "angalia vizuri" hakusaidii. Namwambia aache paja kabisa, achore umbo la uwazi ulio kati ya muundi na mguu wa kiti. Uwazi hauna jina kichwani mwake, kwa hiyo anauchora alivyouona, na paja linajitengeneza lenyewe.

Saa 8:00. Michoro inabandikwa ukutani. Swali ni moja kwa kila mchoro: uzito uko mguu gani? Usiojibika unarudi mezani kesho. Mingine inapangwa pamoja na karatasi nyembamba kati ya mmoja na mwingine, maana mkaa hufutika ukiguswa.