Maji ya Lamu kwa saa 708

Mradi wa kupima maji kujaa na kupwa hapa Lamu umesogea. Kihisi kiko chini ya gati, kinaandika kimo cha maji kila saa. Mashua zikipita namba huruka, kwa hiyo kila saa kinapima mara kadhaa na kubakiza kipimo cha katikati. Hilo limeshatulia.

Kilichonishughulisha ni urefu wa data. Wengi hukata 512 au 1024, maana njia ya Cooley na Tukey ya 1965, ya kukokotoa haraka mgeuzo wa Fourier (hesabu inayotenganisha mawimbi yaliyochanganyika), ina raha zaidi na namba zinazogawika kwa mbili tena na tena hadi 1. Bahari haina habari na hayo. Maji yanayovutwa na mwezi wa angani hujirudia kila saa 12.42, yanayovutwa na jua kila saa 12. Ndani ya saa 512 mwezi unatimiza mizunguko 41 na kipande, na kipande hicho kinavujia masafa (kasi za kujirudia) ya jirani. Nimechukua saa 708: mwezi unaingia mara 57, karibu sawasawa, na jua mara 59. Tofauti ni 2, nazo ndizo bamvua mbili, yaani vipindi vya maji makuu, ambazo nahodha yeyote wa hapa anazijua, ya mwezi mwandamo na ya mwezi mpevu.

Sasa aljebra dhahania, hisabati ya makundi na kanuni zake. Mgeuzo wa Fourier unazichukulia saa hizi kama kundi la duara: baada ya 707 unarudi 0. Na 708 ni 12 mara 59, namba zisizo na kigawo cha pamoja ila 1. Kwa kanuni ya mabaki ya Wachina, duara hilo ni jedwali: saa ya 100 ni (4, 41), yaani baki lake kwa 12 na baki lake kwa 59. Mwanahisabati I. J. Good alilitumia wazo hili mwaka 1958.

Utamu wake unaonekana hata kwa karatasi. Jumlisha saa ya 4, 16, 28 hadi 700, zote zenye baki 4 kwa 12. Ni vipimo 59, na ndani yake mwezi umepita kila sehemu ya mzunguko wake mara moja, basi umejifuta. Fanya hivyo kwa mabaki yote 12: limebaki jua, vipande vyake vya saa 6, 4 na kushuka, na wastani. Hakuna sine wala kosine iliyoguswa! Kukunja huku, saa zenye baki moja kuhesabiwa kama kitu kimoja, ndiko kundi la mgawo, ambalo vitabuni lilinikalia kama jina tupu.

Maji ya mara moja kwa siku, ya saa 23.93 na 25.82, hayaingii sawasawa katika 708. Pwani yetu hujaa mara mbili kwa siku, kwa hiyo nayavumilia.

Kinachofuata ni upande wa 59 wa jedwali, namba tasa. Rader alionyesha mwaka 1968 kwamba urefu tasa hugeuka konvolusheni (kutelezesha orodha moja juu ya nyingine, ukizidisha na kujumlisha) ukipanga vipimo upya, na hapa upangaji ni rahisi: vipeo vya 2 (2, 4, 8 na kuendelea), ukichukua baki kwa 59, hupitia mabaki yote 58 yasiyo sifuri. Kupanga kumekamilika, konvolusheni ya 58 bado naiandika.